Rejeta ya mzee iliyoshindwa na mlima wa Mai Mahiu

Ikiwa umewahi kusafiri kutoka Narok kuja Nairobi, basi unaijua sehemu ile ukishapita mji wa Mai Mahiu, ambapo kanisa dogo la mawe limesimama kando ya barabara chini ya mlima. Lilijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakichimba barabara hiyo. Kutoka hapo njia hupanda, hupinda na kupanda tena kuelekea Limuru, na malori yenye mizigo hutambaa kama kinyonga. Hapo ndipo Peugeot 404 ya baba yangu ilipogoma Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, jua la saa nane likiwaka, ikifuka mvuke kama sufuria ya githeri iliyosahauliwa jikoni.

Anayeelewa Kikuyu atacheka, kwani jina Mai Mahiu maana yake ni maji moto.

Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu alikuja mbio na kitambaa kilicholowa maji, tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Baba, ambaye ana umri wa miaka 78 na hakimbii tena, alimshika mkono. "Kijana, wacha kwanza. Hayo maji yatakuchuna uso." Na hakuwa akimtisha bure. Maji yaliyo ndani ya rejeta yenye joto hubanwa na kifuniko yasichemke. Ukikifungua ghafla, hulipuka yote kwa pamoja, na wengi wana makovu kwa sababu ya haraka hiyo.

Tulingoja karibu saa nzima. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilitupita ikinguruma, na mzee akaitazama kwa kijicho. Gari hilo halina rejeta hata kidogo, injini yake hupozwa kwa hewa. Nilipompigia simu kaka yangu mkubwa kumweleza tulikokwama, hakuniuliza tuko katika hali gani. Alisema tu, "Mwambie mzee auze hicho chuma. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupima kwa kilo."

Sikumwambia mzee maneno hayo. Yeye alikuwa amempa ahadi mjukuu wake wa kwanza kwamba siku ya harusi yake, mwezi wa Aprili huko Narok, atampeleka kanisani kwa gari hilo hilo lililompeleka mama yake hospitalini kuzaliwa. Tulikuwa tumebakiwa na miezi mitatu.

Kwa vijana ambao hawalijui, 404 ni gari lililokuwa na heshima kubwa katika nchi hii. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Miaka ya 1963 na 1968 matope yalikuwa mabaya hivi kwamba magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mara, na lililotangulia lilikuwa 404 iliyoendeshwa na Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff. Baba alinunua lake mwaka wa 1974 kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na tangu siku hiyo kila lita ya oili imeandikwa katika daftari la shule lenye jalada la buluu.

Hata hivyo, sifa hazipozi injini. Kichwa cha injini ya 404 ni cha alumini, ilhali bloku yake ni ya chuma. Gari likichemka mara mbili tatu kichwa hicho hupinda, gasketi huungua, maji huingia katika oili na hapo bei ya kukarabati hupita bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana usiku ule tuliporudi nyumbani Uthiru kwa mwendo wa kobe, tukisimama kila mara kuongeza maji, mzee alisema jambo moja tu kabla ya kulala. "Kesho ing'oe hiyo rejeta. Jumatatu tunaenda Grogan."

Grogan ni jina la zamani la barabara ya Kirinyaga, lililotokana na Ewart Grogan, mlowezi aliyevuma kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo. Bango la barabara lilibadilishwa zamani lakini mafundi hawakulisoma. Kutoka mzunguko wa Globe, barabara hiyo hushuka sambamba na River Road, mto wa Nairobi ukiwa upande wa pili, na kila hatua ni duka la spea au fundi aliyelala chini ya gari. Harufu ya petroli na ya chapati hukaribishana pale. Ukisimama ukatazama gari lako kwa sekunde tano, tayari watu wanne wamekuuliza linaumwa wapi.

Tulifika na rejeta yetu ndani ya gunia, nikiwa nimeipakata mapajani ndani ya matatu tangu Uthiru. Makanga alitaka gunia lilipiwe nauli. Mzee alimjibu kuwa litalipa likianza kutembea.

Duka la kwanza lilikuwa safi, lenye taa na risiti. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alitutolea rejeta mpya ya alumini yenye matangi ya plastiki juu na chini, nyepesi hata mtoto angeibeba. "Hii ni orijino, mzee. Inapoza kuliko hiyo yenu mara mbili." Baba hakubisha. Alitoa futi yake ya kupimia mfukoni na kuanza kazi. Upana ulikuwa sawa, urefu ukazidi kwa inchi moja na nusu, na bomba la chini lilikuwa upande wa kushoto ilhali letu liko kulia. Kijana alisema hayo ni mambo madogo, vyuma vya kushikilia vitachomelewa na mpira wa maji utapindwa.

Hapa ninataka nimtendee haki kijana yule. Alumini si mbaya. Magari mengi ya kisasa hutumia alumini, na rejeta ya alumini iliyotengenezwa vyema, yenye mirija mipana, hupoza sawasawa na ya shaba. Kosa ni kuitia mahali isipotoshea. Rejeta isiyokaa katika vishikizo vyake hutikisika, na katika barabara zetu hupasuka. Bomba lililo upande usiofaa hulazimisha mpira upindwe, nao mpira uliopindwa hunywea ndani na kuzuia maji. Isitoshe, tangi la plastiki likipasuka ukiwa Suswa, hakuna fundi wa kijijini atakayeliziba. Rejeta ya shaba, kinyume chake, huzibwa na yeyote mwenye stovu, lehemu na mkono mtulivu.

Duka la pili halikuwa duka, lilikuwa kichochoro. Mtu mmoja aliyetufuata tangu tulipotoka kule kwa kwanza alituonyesha rejeta ya 404 kamili, iliyotolewa, alivyodai, katika gari la mzungu ambalo halikuwahi kutoka Karen. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Alitaka Sh9,000, na mimi, nakiri, nilikuwa tayari kuingiza mkono mfukoni. Ilikuwa na umbo lenyewe, mabomba yenyewe na vishikizo vyenyewe. Ningetaka nini zaidi?

Mzee alitoa ufunguo na kukwaruza ile rangi kidogo pembeni mwa tangi. Chini yake palikuwa na gundi ya kijivu, ile inayotumiwa kuziba nyufa za chuma, nene kama ugali. Kisha akapitisha ukucha juu ya vile vibati vyembamba vilivyokunjwa kati ya mirija. Vilibomoka kama mandazi ya juzi. Vibati hivyo ndivyo vinavyochukua joto kutoka katika mirija na kulipa upepo. Vikiachana na mirija, rejeta hubaki kuwa mtungi tu wa kubebea maji. "Rangi ya nini mahali ambapo hapaonekani?" mzee aliuliza, na yule mtu akakumbuka kuwa alikuwa na mteja mwingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hiyo nilikiona kibaya kikitembea kwa miguu miwili.

Fundi tuliyempata hatimaye hakuwa na bango. Alikuwa karibu na mto, chini ya kivuli cha mabati, kando yake pipa lililokatwa nusu na kujazwa maji. Tulielekezwa kwake na dereva wa teksi mwenye umri wa mzee. La kushangaza ni kuwa hakutaka kuiona rejeta kwanza. Alitaka kusikia habari za ugonjwa, kama daktari.

"Mzee, gari lilichemka likikimbia ama likitambaa?"

"Likitambaa. Mlimani, nyuma ya lori."

"Na barabara tambarare, likikimbia?"

Baba alifikiri. Kwenye tambarare kabla ya Mai Mahiu mshale wa joto ulikuwa umepanda kidogo, lakini haukufika pabaya. Fundi alitikisa kichwa. Gari likikimbia, alitueleza, upepo huingia wenyewe kwa mbele, kwa hivyo likichemka katika mbio kosa huwa aghalabu ni la rejeta iliyoziba. Likitambaa hutegemea feni. Likifanya yote mawili, kubwa likiwa ni la mwendo wa pole, basi pengine kuna wagonjwa wawili nyumba moja.

Wa kwanza alimwonyesha palepale. Aliisimamisha rejeta, akaziba bomba la chini kwa kiganja, akaijaza maji kwa juu kisha akaachilia. Maji yanapaswa kumwagika kwa kishindo. Yetu yalitoka kama ya mfereji wa mtaani siku ya mgao. Alipowasha moto na kuyeyusha lehemu, tangi la juu likatoka na tukaona kwa macho: karibu nusu ya midomo ya mirija ilikuwa imejaa kutu na chokaa, na kati yake kitu chekundu kilichokauka. Fundi alikinusa, akacheka. Kilikuwa pilipili.

Mzee aliinamisha macho. Ilikuwa desturi ya madereva wengi wa zamani: rejeta ikivuja, tia pilipili ya unga ama yai, ama sugua sabuni ya kipande kwenye tundu, ufike nyumbani. Kufika, unafika. Lakini kile kinachoziba tundu la kuvuja hakina macho ya kutambua tundu lipi ni baya na lipi ni zuri.

Hapo ndipo tulipochagua, na nadhani kila mwenye gari la zamani angefaa afikirie njia hii kabla ya kununua kitu kizima kipya. Fundi alipendekeza tubakishe matangi yetu ya shaba, mabomba na vishikizo, ambavyo vilikuwa vizima, kisha atie kiini kipya katikati, yaani mirija na vibati vyake. Kwa njia hiyo umbo la rejeta halibadiliki hata kidogo. Bei yake ilikuwa Sh18,000, mara mbili ya ile iliyopakwa rangi.

Alikuwa na viini vya aina mbili. Kimoja kilikuwa na safu nne za mirija na vibati vilivyosongamana, na mimi, kama mjinga yeyote, nilikishika hicho. Nyingi si bora? Fundi alitikisa kidole. Kiini kinene hukaribia feni hadi kuigusa, na upepo hupita kwa shida, hasa feni ikiwa ya zamani isiyo na nguvu. Vibati vilivyobanana sana hunasa vumbi, mbegu za nyasi na wadudu, na kwenye barabara ya Narok huziba msimu mmoja tu. Yetu ilikuwa na safu tatu, na waliolichora gari walijua walichokifanya. Tulichukua tatu. Kabla ya kulipa, mzee alikiinua kiini kuelekea jua na kutazama ndani ya mirija mmoja baada ya mwingine, na kuvuta vibati kwa ukucha. Havikusogea.

Siku tatu baadaye tulirudi kuona ikijaribiwa. Fundi aliziba mabomba, akaizamisha katika lile pipa na kusukuma upepo kwa pampu ya baiskeli. Kiputo kimoja kilipanda kutoka pembeni. Aliichomoa, akalehemu tena na kuizamisha mara ya pili. Maji yalitulia kama ya kisima. Ukinunua rejeta, mpya ama kuukuu, na muuzaji akatae kuizamisha mbele yako, beba pesa zako uende.

Palikuwa na jambo la kifuniko pia. Nilitaka tununue kipya chenye nguvu, cha magari ya siku hizi, na hili ninalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu wanafunzi watalifurahia. Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwa kuwa tuko juu, huchemka kwa takriban nyuzi 94, na huko Limuru ni karibu 93. Ndiyo maana maharagwe ya Limuru hukawia kuiva, na ndiyo maana gari linaloshuka Mombasa bila shida huweza kuchemka likipanda Mai Mahiu. Kifuniko hukabili hilo kwa kuyabana maji: kila pauni moja ya mbano kwa inchi mraba huongeza nyuzi kama moja na nusu kabla ya maji kuchemka. Kwa hivyo, niliwaza, mbano ukizidi si ni heri? Fundi alisema lehemu ya rejeta ya zamani haikutengenezwa kwa mbano wa magari ya leo, wa pauni 13 au zaidi. Itafunguka kwenye mishono. Tufuate kilichoandikwa katika kitabu cha gari, basi. Mzee alikuwa nacho, na kifuniko kipya cha kipimo kile kile kilipatikana duka la nne tulilouliza.

Mgonjwa wa pili alipatikana nyumbani Jumapili, fundi alipokuja Uthiru kuifunga rejeta. Feni ya 404 ina ujanja wake. Haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme ambayo huinasa maji yanapopata joto na kuiachilia yanapopoa, ili injini isipoteze nguvu bure. Umeme huifikia sumaku kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosuguana nayo. Chetu kilikuwa kimelika hadi kikaisha. Kwa miezi, huenda miaka, feni yetu ilikuwa ikizungushwa na upepo tu kama kibandiko cha watoto. Kipande kipya kiligharimu chini ya chakula cha mchana cha watu watatu.

Niliona mzee akiandika katika lile daftari la buluu, polepole, kisha akalifunga. Laiti tungenunua ile rejeta ya kwanza, tukaichomelea kwa nguvu, bado gari lingechemka palepale kanisani, na kaka angeleta mizani.

Kuhusu maji ya kutia ndani, fundi alikataa maji ya kisima cha nyumbani kwa sababu yana chokaa nyingi. Tulitumia ya mvua, yaliyochujwa, pamoja na dawa ya rejeta ya kijani ya aina ya kizamani. Alituonya kuwa baadhi ya dawa za kisasa, zile za rangi ya chungwa ama nyekundu, zilitengenezewa alumini na hazielewani na lehemu.

Mwezi wa Machi, Jumapili baada ya ibada, tulishuka Mai Mahiu makusudi ili tupande. Kaka alikuja pia, ameketi nyuma, akisema amekuja kusaidia kusukuma. Mzee aligeuza gari mbele ya lile kanisa dogo la Waitaliano, akangoja hadi lori lililosheheni saruji lilipopita, kisha akaingia nyuma yake kwa makusudi mazima. Gia ya pili. Joto la mchana. Longonot ilikuwa nyuma yetu, kijivu, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Sote watatu tulikuwa tunatazama mshale.

Ulipanda. Ulifika katikati, ukapita katikati kidogo, na kaka akakohoa. Halafu mbele ya injini tukasikia sauti ndogo, klik, na feni ikaanza kuvuma. Mshale ulisimama, ukafikiri, ukarudi chini kwa upana wa kucha.

Hakuna aliyesema neno hadi tulipofika juu, kwenye vibanda vya wauza ngozi za kondoo. Mzee alifungua boneti. Alishika mpira wa juu, akaondoa mkono haraka kwa joto, kisha akashika wa chini na kuuacha mkono pale kwa muda. Ulikuwa na joto la chai iliyopoa. Alimwita kaka, akauchukua mkono wake na kuuweka mahali pale pale. Kaka aliuacha hapo, akatazama bonde.

"Haya," mzee alisema, akifunga boneti na kujifuta vidole kwa leso. "Sasa tuzungumze habari za breki."